Nitajuaje Mapenzi ya Mungu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye semina za vijana, kwenye vikao vya wanandoa, na baada ya ibada pale mtu anapomvuta mwenzake pembeni. Mkatoliki, Mlutheri na Mpentekoste hawatayajibu sawasawa, na pale wanapotofautiana tumesema wazi.

Mapenzi ya Mungu yamefichwa wapi hadi tuyatafute hivi?

Sehemu kubwa haijafichwa. Kumbukumbu la Torati 29:29 inagawa mambo mafungu mawili: ya siri ni ya Bwana, na yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu. Katika haya yaliyofunuliwa, Paulo hazunguki: "Maana haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu" (1 Wathesalonike 4:3). Mlango wa tano anaongeza kushukuru kwa kila jambo. Mika 6:8 inataja kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu.

Shida ni kwamba haya tunayaruka, tunakimbilia lile fungu la siri. Kijana anafunga siku tatu akiuliza ahamie Dodoma au abaki Mwanza, na huku hajamrudishia rafiki yake pesa aliyomkopa mwaka jana. La Dodoma linaweza kusubiri. La deni lilishajibiwa zamani, tena bila kufunga.

Sawa, lakini Biblia hainiambii nisome uhasibu au ualimu.

Haikuambii, na haikusudii kukuambia. Yakobo 1:5 inaahidi hekima kwa anayeiomba, na hekima ni uwezo wa kuamua. Mwenye kuomba hekima anategemewa aitumie: aangalie alama zake, ada, soko la kazi, wazazi wanaomtegemea, na kile anachokifanya vizuri bila kusukumwa.

Angalia Paulo alivyopanga safari zake. Anamwandikia Tito amfuate Nikopoli kwa sababu "nimekusudia" kukaa huko wakati wa baridi (Tito 3:12). Hataji malaika. Na kuhusu Apolo anawaambia Wakorintho kwamba amemsihi sana aende kwao, lakini Apolo hakutaka kabisa kwenda wakati ule. Ataenda akipata nafasi (1 Wakorintho 16:12). Mtume alisihi, mtumishi mwenzake akakataa, na hakuna aliyemshutumu mwenzake kwamba amempinga Roho.

Ni kweli pia kwamba Paulo huyohuyo aliona maono ya mtu wa Makedonia usiku kule Troa. Soma Matendo 16 kuanzia aya ya 6, utaona yalikuja lini: baada ya kuzuiwa asihubiri Asia, kisha kuzuiwa asiingie Bithinia. Alipata maono akiwa barabarani, anajaribu njia moja baada ya nyingine. Hakuwa amejifungia chumbani akingoja kuambiwa aanzie wapi.

Kwa hiyo Mungu hasemi tena na mtu mmojammoja?

Wakristo hawakubaliani juu ya namna. Wapo wanaoamini kwamba anasema kwa njia ya Maandiko pekee, na wapo wanaoshuhudia sauti, maono na msukumo wa ndani. Ukurasa huu hautamaliza mjadala huo. Ila wote wanaisoma habari ya Samweli, nayo ina jambo ambalo hupitwa haraka: mtoto aliisikia sauti kweli, lakini hakujua ni ya nani. Mara tatu alikimbilia kwa Eli. Aliyetambua kwamba ni Bwana anayeita ni yule mzee mwenye macho yaliyofifia, aliyeshindwa hata kuwarudi wanawe. Kusikia ni jambo moja, kutambua ni lingine, na hilo la pili Samweli hakuliweza peke yake.

Nabii ameniambia neno kutoka kwa Bwana. Nikilikataa si nitakuwa nimemkataa Mungu?

Hapana. Paulo anaamuru mambo mawili kwa pamoja: msitweze unabii, na jaribuni mambo yote (1 Wathesalonike 5:20-21). Kupima neno ni utii.

Kuna sura moja ambayo ingefaa isomwe kila palipo na huduma ya unabii, 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda ameambiwa na Bwana asile chakula wala asinywe maji kule Betheli, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme Yeroboamu anamkaribisha nyumbani, anakataa. Njiani anafuatwa na nabii mzee anayemwambia: na mimi ni nabii kama wewe, malaika amesema nami kwa neno la Bwana, turudi ukale kwangu. Andiko linasema kwa kifupi kwamba alimdanganya. Yule mtu akarudi, akala, na alipoondoka simba akamwua njiani. Alimshinda mfalme, akaangushwa na mtumishi mwenzake mwenye mvi na lugha ya kiroho.

Ukipewa neno, basi, tazama mambo haya. Je, linapingana na lililokwisha kufunuliwa? Je, anayelitoa anapata fedha, mwili wako au utii wako? Je, umeambiwa usimwambie mtu yeyote, hata mume wako au mchungaji wako? Je, umeambiwa "upande mbegu", yaani utoe fedha, kwanza ndipo ufunuliwe zaidi? Neno linalokutenga na watu wote wanaokupenda ni la kuogopa.

Na hili halina mjadala: hakuna unabii wa kukuachisha ARV, insulini au dawa za presha. Nabii akikwambia umepona, rudi hospitali ukapime, na umeze dawa mpaka daktari akuachishe. Mungu aliyekuponya hataona haya kwa kipimo.

Nifunge siku ngapi ndipo nipate jibu?

Hakuna hesabu. Kufunga kunamsaidia mtu kutulia na kujiona alivyo. Hakumshurutishi Mungu atoe majibu. Wenye kisukari, vidonda vya tumbo, wajawazito na wanaonyonyesha wanaweza kufunga vitu vingine, kwa mfano simu. Baada ya msitu wa Shakahola kule Kilifi, ambako kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga mpaka kufa, kiongozi yeyote anayehimiza mfungo bila kuuliza hali ya afya ya watu wake anapaswa kuhojiwa na wazee wa kanisa lake.

Nitajuaje kama huyu ndiye mke au mume niliyechaguliwa?

Hili ndilo linaloongoza kwa kuulizwa, kwa mbali.

Paulo akizungumza na mjane anasema yu huru kuolewa na mtu amtakaye, "katika Bwana tu" (1 Wakorintho 7:39). Zingatia "amtakaye". Hasemi amtafute yule mmoja aliyeandikiwa tangu milele, na kwamba akimkosa maisha yake yameharibika. Ametaja mpaka, na ndani ya mpaka huo ametoa uhuru.

Wengi hukimbilia Mwanzo 24, mtumishi wa Ibrahimu kisimani, wakaiga ile ishara. Lakini ishara yenyewe ilikuwa nini? Binti atakayemnywesha mgeni maji, kisha ajitolee kuwanyweshea na ngamia. Ngamia walikuwa kumi, nao baada ya safari ndefu. Kila anayejua kuchota maji ya kisima na kuyabeba anaelewa kwamba hiyo si kazi ya dakika mbili. Binti atashuka na kupanda na mtungi wake mpaka jua lizame. Mtumishi yule hakuomba ishara ya nguo nyekundu. Aliomba kuonyeshwa ukarimu na uchapakazi. Kisha akauliza habari za ukoo, akakaa na wazee, akaeleza shida yake kabla ya kula. Na mwisho, ndugu walipoona jambo limetoka kwa Bwana, bado walisema: tumwite msichana, tumwulize mwenyewe. Rebeka akajibu nitakwenda. Asingekubali, Ibrahimu alikwisha kumwambia mtumishi kwamba atakuwa amefunguliwa kiapo chake.

Kwa hiyo kaka anayemwendea dada akisema "Mungu ameniambia wewe ni mke wangu" ameruka hatua ya kumwuliza mwenyewe. Dada, jibu la heshima linalotosha ni hili: "Asante kaka, mimi sijaambiwa." Halafu nenda zako. Ukitishiwa laana, mweleze mama mchungaji au mzee wa kanisa mapema.

Ule utaratibu wetu wa zamani, wa mshenga, barua ya posa, mafundisho ya ndoa na kutangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, vijana wengi wanauona usumbufu. Lakini ndani yake mna kupambanua kwingi kuliko kwenye ndoto. Matangazo yapo ili mwenye kujua kwamba bwana harusi ana mke mwingine Songea ajitokeze mapema. Mwone mchumba wako akiwa na njaa, akidaiwa, akibishana na mdogo wake. Jueni hali zenu za kiafya. Zungumzeni kuhusu pesa kabla kamati ya harusi haijaanza kuchangisha.

Gideoni alitandika ngozi. Nami nikimpa Mungu ishara kuna ubaya?

Kabla ya kuomba ishara ya umande kwenye ile ngozi, Gideoni alikuwa ameshaambiwa waziwazi: enenda, si mimi ninayekutuma? (Waamuzi 6:14). Ngozi ilitokana na woga wake, na yeye mwenyewe anaomba hasira ya Mungu isiwake. Mungu akamvumilia. Kuvumiliwa si kusifiwa.

Na kura, ya bahati nasibu na si ya uchaguzi?

Ndugu wa Moravian, ambao Watanzania wa Mbeya na Tabora wanawajua vizuri kwa kuwa wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, waliwahi kulichukua jambo hili kwa uzito mkubwa. Katika karne ya 18 kule Herrnhut, Ujerumani, hata ndoa za waumini zilipigiwa kura. Sinodi yao ya mwaka 1818 ikawaondolea waumini wa kawaida sharti hilo. Walikuwa watu wacha Mungu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya Injili, na wenyewe waliona kwamba njia hii haifai kuwa kanuni ya nyumba zao.

Mitume walipiga kura kumpata Mathiya, ndiyo. Lakini kwanza waliweka sifa za mtu wanayemtaka, wakabakiwa na wawili wanaofaa wote. Kati ya mema mawili yanayolingana, piga kura ukipenda.

Nimefungua Biblia bila kuchagua nikakutana na Yeremia 29:11. Si jibu hilo?

Linaweza kukutia moyo, na hilo si dogo. Lakini soma barua yote. Yeremia anawaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, ambao manabii wengine walikuwa wakiwaambia watarudi nyumbani muda si mrefu. Yeye anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji uliowateka, kwa sababu ni miaka 70. Aliyekuwa mtu mzima siku ile barua inasomwa alikuwa anaambiwa kwamba atafia Babeli. Ndipo inakuja ile ahadi ya mawazo ya amani. Ukiichukua kama uthibitisho kwamba visa yako itatoka Ijumaa, umeifanya barua iwe ya wale manabii wengine.

Neno la siku ni zuri. Desturi hiyo ilienea kutoka Herrnhut hukohuko, ambako yamechapishwa maneno ya kila siku tangu mwaka 1731. Liwe chakula cha asubuhi. Usilitumie kuamulia mkopo.

Milango imefunguka yenyewe. Si dalili ya Mungu?

Yona alipokimbia alishuka Yafa akakuta meli inayokwenda Tarshishi, akalipa nauli akapanda. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Daudi alimkuta Sauli peke yake ndani ya pango la En-gedi, na watu wake wakamwambia hii ndiyo siku aliyokuahidi Bwana. Akakata upindo wa vazi tu, na hata huo ukamchoma moyo. Paulo naye alifika Troa akafunguliwa mlango katika Bwana, kisha akaondoka kwa kuwa hakumwona Tito (2 Wakorintho 2:12-13). Nafasi ni nafasi. Bado inabidi uitazame.

Chukua mfano wa dada anayepata kazi ya ndani Oman au Dubai. Pasi imetoka haraka, tiketi imelipwa na mwajiri, kanisa limeshamwombea. Maombi ni mema. Ila kuna maswali ambayo hayajibiwi kwa kuombewa: wakala amesajiliwa? Mkataba uko katika lugha unayoisoma? Mshahara ulioandikwa ndio uliotajiwa kwa simu? Nani atashika pasi yako? Siku ya mapumziko ipo? Una namba ya ubalozi, na ya Mtanzania au Mkenya aliye kwenye mji huohuo? Nakala ya mkataba mwachie mtu nyumbani. Mhubiri anayesema maswali haya ni kukosa imani si yeye atakayekuwa jikoni kwa watu saa nane za usiku.

Nasikia amani moyoni. Inatosha?

Linganisha watu wawili. Yona, anayemkimbia Mungu, yuko chini ya meli amelala usingizi mzito huku tufani ikivuma. Yesu, anayemtii Baba, yuko Gethsemane, jasho linamtoka kama matone ya damu, anaomba kikombe kimwepuke. Kama amani ya moyo ndiyo kipimo, basi Yona alikuwa katika mapenzi ya Mungu na Yesu hakuwamo.

Hisia si za kutupwa, ila zinahitaji muda. Ignatius wa Loyola, askari aliyejeruhiwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, alijifunza haya akiwa kitandani: mawazo ya sifa na ushujaa yalimfurahisha kisha yakamwacha mkavu, na mawazo ya kumfuata Kristo yalimfurahisha na furaha ikabaki. Wakatoliki, hasa Wajesuiti, wanaendelea kufundisha kanuni yake mojawapo, na sioni sababu ya Mprotestanti kuikataa: ukiwa katika ukavu na giza la moyo, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na nuru. Usiandike barua ya kuacha kazi usiku uliogombana na bosi.

Na ndoto?

Yusufu aliota, Mhubiri naye akasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Ndoto inayokuonya uache dhambi, itii. Ungepaswa kuacha hata usingeota. Ndoto inayokuambia jirani yako ni mchawi, iache hukohuko kitandani. Familia ngapi zimevunjika kwa ndoto za namna hii, na vikongwe wangapi wamekatwa mapanga.

Nasikia wito wa kuhubiri. Niache kazi?

Roho aliposema Barnaba na Sauli watengwe, walikuwa tayari wanafundisha kanisani Antiokia, na waliolisikia neno ni kanisa lililokuwa likifunga na kuomba. Anza na yaliyopo: jumuiya, shule ya Jumapili, kutembelea wagonjwa. Wakiona wengine wito huo, watasema. Na Paulo alishona mahema Korintho na Akila na Prisila bila kuona utumishi wake umepungua. Kama una mke na watoto wa kulisha, mke wako awe wa kwanza kuulizwa, asiwe wa mwisho kuarifiwa.

Mimi na mume wangu tumeomba. Yeye ameona tununue kiwanja, mimi nimeona tulipe ada.

Basi zungumzeni. Katika Matendo 15 mitume na wazee walihojiana sana, wakasikiliza ushuhuda, wakafungua Maandiko, ndipo wakaandika: "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi." Roho hakutajwa ili kuufunga mjadala kabla haujaanza.

Ndugu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walikuwa na desturi ya kuleta mambo nuruni mbele ya wenzao, hata ya fedha na ndoa. Wakati mwingine ushirika uligeuka kuwa mahakama, na waliokulia katika nyumba hizo watakusimulia. Lakini mume anayesema "Mungu ameniambia" kwenye bajeti ya nyumba anahitaji ndugu wawili wa kumwuliza: amesema lini, na ada nani atalipa?

Msibani wanasema kazi ya Mungu haina makosa. Ni mapenzi ya Mungu mtoto wangu afe?

Yesu aliletewa jambo la aina hii. Akawataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Kaburini kwa Lazaro alilia, akijua atamfufua.

Maneno ya msibani husemwa na watu wanaotaka kufariji na hawana la kusema. Huna deni la kuyaitikia. Na kama mtoto alikufa kwa uzembe, kusema ni mapenzi ya Mungu kunawafunika waliozembea. Kulia na kudai haki vyote viwili vinafaa kwa Mkristo.

Naogopa nimeshaukosa mpango wa Mungu kwa uamuzi mbaya.

Paulo na Barnaba waligombana juu ya Marko mpaka wakatengana. Luka haandiki nani alikuwa sahihi. Safari zikawa mbili badala ya moja, na miaka mingi baadaye Paulo anaagiza Marko aletwe, maana anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Baadhi ya maamuzi yana matokeo yasiyofutika: mtoto aliyezaliwa, deni, talaka. Hapo mapenzi ya Mungu ya leo ni kumtunza huyo mtoto na kulipa hilo deni.

Je, ni lazima kuombea kila kitu, hata rangi ya shati?

Hapana. Vaa shati.

Na lile neno "Bwana akipenda", nilitie kila ninapopanga?

Yakobo 4:15 analielekeza kwa wafanyabiashara waliojiamini kwamba mwakani watakuwa mji fulani na faida mkononi. Paulo mara nyingine analisema, mara nyingine anaeleza mipango yake bila kulitaja. Lisije likawa njia ya kukwepa ahadi. Fundi akikuambia kabati litakuwa tayari Jumamosi Bwana akipenda, mwulize kama mbao ameshanunua.